Uchaguzi wa samaki wa kufugwa mabwawani (Kilimanjaro)

Uchaguzi wa samaki wa kufugwa mabwawani ni hatua ya kuamua ni spishi gani ya samaki inayofaa kuwekwa katika bwawa fulani. Katika mji wa Moshi na kwenye miteremko ya mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, uamuzi huo una uzito wa pekee kwa sababu mbili. Kwanza, umbali mfupi tu unatenganisha tambarare yenye joto na ukingo wa msitu wenye baridi, na samaki anayenenepa vizuri chini hudumaa juu. Pili, mito ya upande wa kusini wa mlima huishia katika mto Pangani, na katika beseni la mto huo wanaishi perege wa asili wasiopatikana kwingine duniani. Samaki anayetoroka bwawani anaweza kufika kwao na kuwadhuru.

Mazingira

Mji wa Moshi uko kwenye kimo cha takriban mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto la hewa kwa mwaka ni karibu °C 23. Joto hilo hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii kwa kila mita 100 za kupanda. Hivyo kwenye kimo cha mita 1,400, katikati ya ukanda wa migomba na kahawa, wastani ni karibu °C 20, na kwenye mita 1,800, karibu na mpaka wa msitu, ni karibu °C 18. Miezi ya baridi zaidi ni Juni hadi Agosti, ambapo mawingu hufunika mlima kwa siku nyingi mfululizo.

Maji ya mlima hutoka kwenye msitu kwa njia ya mito kama Weruweru, Kikafu, Karanga, Rau na Himo. Tangu zamani Wachagga waliyachepusha kwa mifongo, yaani mifereji ya kuchimbwa inayopita kwenye kingo za milima hadi vihambani. Mabwawa mengi ya samaki hujazwa kwa maji ya mifongo, na mengine kwa chemchemi, visima au maji ya mvua. Maji ya mfongo ni safi na yana oksijeni nyingi, lakini ni baridi.

Udongo wa mlima umetokana na volkeno. Sehemu nyingi una rutuba lakini hupitisha maji upesi. Kabla ya kufikiria samaki, mfugaji huangalia kama udongo una mfinyanzi wa kutosha: udongo mbichi ukifinyangwa kuwa tonge na kurushwa juu kidogo, usipomeguka unapodakwa, unaweza kushika maji. Usipofaa, sakafu ya bwawa hutandikwa turubai la plastiki au hujengwa kwa saruji.

Historia

Katika Tanganyika ufugaji wa samaki ulianza kwa majaribio mwaka 1949 huko Korogwe, kando ya mto Pangani, na Malya karibu na ziwa Viktoria. Samaki waliojaribiwa walikuwa perege. Mabwawa mengi yaliyochimbwa baada ya hapo yaliachwa kwa sababu ya ukame, uhaba wa vifaranga bora na kukosekana kwa matunzo.

Wakati wa utawala wa Waingereza, samaki wa maji baridi aitwaye trauti aliletwa na kuachiliwa katika mito ya nyanda za juu za kaskazini na kusini, ikiwemo mito ya Kilimanjaro, kwa ajili ya mchezo wa kuvua kwa ndoana. Katika miaka ya 1960 lilijengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, mahali ambapo mito ya Kikuletwa na Ruvu inakutana. Bwawa hilo lilikusudiwa kwa umeme na umwagiliaji, lakini likawa pia chanzo kikubwa cha samaki wanaouzwa katika masoko ya mkoa. Kwa mkazi wa Moshi, samaki wa maji baridi aliyezoeleka mezani ni perege, na mazoea hayo ndiyo yanayoongoza wafugaji wengi wanapochagua.

Vigezo vya kuchagua

Joto la maji

Hiki ndicho kigezo cha kwanza. Samaki hana uwezo wa kutunza joto la mwili wake kama ng'ombe au kuku; mwili wake huwa na joto la maji aliyomo. Maji yakipoa, hula kidogo na kukua polepole, hata akipewa chakula kizuri kiasi gani.

Joto hupimwa kwa kipimajoto kwenye kina cha sentimita 30 hivi, asubuhi na alasiri, kwa siku kadhaa. Vipimo vya Julai vina maana kuliko vya Februari, kwa sababu samaki atapaswa kuishi pia katika miezi ya baridi. Bwawa lililo wazi juani huweza kuwa na joto zaidi kuliko hewa, ilhali bwawa lililofunikwa na kivuli cha migomba na miti mirefu hubaki baridi.

Mtiririko wa maji

Wafugaji wengi huacha maji ya mfongo yapite bwawani usiku na mchana, wakiamini kwamba maji mapya ni afya. Kwa trauti ni kweli. Kwa perege ni hasara mara mbili: maji mapya hupoza bwawa, tena huondoa viumbe vidogo vya kijani ambavyo ni chakula chao. Bwawa la perege hujazwa, kisha huongezewa tu maji yaliyopotea kwa mvuke na kwa kunywea ardhini.

Rutuba na oksijeni

Maji ya bwawa la perege yanatakiwa kuwa na rangi ya kijani hafifu. Njia rahisi ya kupima ni kuzamisha mkono hadi kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, rutuba inatosha. Kikionekana wazi, samadi inahitajika. Kikipotea mapema, samadi imezidi na ni hatari, kwa kuwa usiku mimea hiyo midogo hutumia oksijeni badala ya kuitoa. Samaki wanaohema juu ya maji alfajiri ni dalili ya oksijeni kupungua.

Usalama wa maji

Mfongo hupita katika mashamba ya watu wengi kabla ya kufika bwawani. Mrututu na dawa nyingine zenye shaba, zinazopulizwa kwenye kahawa dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, ni sumu kwa samaki. Vilevile maji yaliyotumika kumenya kahawa yakiingia bwawani huoza na kumaliza oksijeni. Mfugaji wa ukanda wa kahawa hufunga mlango wa maji wakati wa kupuliza dawa na wakati wa kumenya kahawa, na huchagua samaki anayevumilia siku hizo bila maji mapya.

Chakula kilichopo

Perege hula mimea midogo ya majini, wadudu, pumba za mahindi au mpunga, mashudu ya alizeti na mabaki ya jikoni. Kambale anahitaji protini zaidi, kama dagaa, damu, minyoo na matumbo ya kuku. Trauti hawezi kustawi bila chakula maalumu chenye protini nyingi. Kaya yenye ng'ombe wa kufugiwa bandani, kama ilivyo desturi Uchaggani, ina samadi ya bwawa karibu, na hali hiyo humpa perege nafasi ya kwanza.

Spishi zinazofikiriwa

Sato

Sato (Oreochromis niloticus) ni perege anayefugwa kuliko wote katika Afrika ya Mashariki. Asili yake si mto Pangani. Hapa ni mgeni. Hukua vizuri katika maji yenye joto la °C 25 hadi 30. Chini ya °C 20 ukuaji hupungua sana na kuzaliana hukoma, na joto likikaribia °C 10 hufa. Katika bwawa lenye joto na chakula cha kutosha anaweza kufikia gramu 250 au zaidi kwa miezi sita hadi minane. Kwenye mita 1,400 huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi mwaka au kupita.

Tatizo lake kubwa katika maeneo ya joto ni kuzaa mno. Jike huatamia mayai kinywani na huanza kuzaa akiwa mdogo, hata kabla ya kufikia ukubwa wa kuliwa. Bwawa lililoanza na samaki 200 hujaa maelfu ya vijisamaki vinavyogombea chakula, na wote hudumaa. Ndiyo maana hutafutwa vifaranga madume tupu. Hao hupatikana kwa kuwapa vifaranga wachanga chakula chenye homoni katika kituo cha uzalishaji, au kwa kuwatenga kwa mkono wanapofikia gramu 20 hadi 30. Dume ana matundu mawili chini ya tumbo, jike ana matatu.

Perege wa asili wa Pangani

Katika beseni la Pangani kuna perege wa asili, wakiwemo Oreochromis jipe, aliyepewa jina la ziwa Jipe, na Oreochromis korogwe wa sehemu za chini za mto. Kwa kawaida vituo vya vifaranga haviwazalishi kwa wingi kama sato. Kuvua wazazi kutoka mtoni au ziwani kwa ajili ya bwawa hakushauriwi kwa O. jipe, kwa sababu Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) umemweka kati ya spishi zilizo hatarini mno kutoweka.

Kambale

Kambale (Clarias gariepinus) ni wa asili katika mito mingi ya Tanzania, pamoja na Pangani. Ana kiungo cha kupumulia hewa, hivyo huvumilia maji machafu na yenye oksijeni kidogo ambamo perege hufa. Hukua haraka na kuweza kufikia nusu kilo hadi kilo moja kwa miezi sita hadi minane katika maji ya joto. Hazai kwa urahisi bwawani, kwa hiyo bwawa halijai vijisamaki, lakini mfugaji analazimika kununua vifaranga kila msimu. Wakubwa huwala wadogo; hivyo wanapaswa kuwa na ukubwa unaolingana wanapowekwa. Tena kambale huweza kutambaa kwenye nyasi zenye unyevu usiku wa mvua, na bwawa lisilo na ukingo wa kutosha hubaki tupu.

Anafaa Moshi mjini, Himo, Kahe na tambarare nyingine. Juu ya ukanda wa kahawa hukua polepole kama sato.

Trauti

Trauti (Oncorhynchus mykiss na Salmo trutta) anataka kinyume cha perege: maji ya °C 10 hadi 16, yanayotiririka bila kukoma na yenye oksijeni nyingi. Kwa hali ya hewa pekee, angefaa kwenye vijiji vya juu kabisa karibu na msitu. Lakini chakula chake ni ghali na hakipatikani kwa urahisi, maji ya mfongo yakikatika kwa saa chache hufa, na shaba kutoka kwenye mrututu humdhuru upesi. Zaidi ya hayo ni samaki mla nyama ambaye mtoni hula wadudu na samaki wa asili. Kwa sababu hizo si chaguo la kawaida la bwawa la nyumbani. Nchini Kenya trauti huzalishwa Kiganjo, kwenye miteremko ya mlima Kenya, katika kituo chenye maji ya mto ya kudumu.

Muhtasari kwa kimo

- Chini ya mita 1,000 (Kahe, Himo, Moshi mjini): sato madume tupu, kambale, au wote wawili.
- Mita 1,000 hadi 1,400: sato katika bwawa la juani lisilopitisha maji, kambale kwa anayekubali kungoja.
- Mita 1,400 hadi 1,800: sato huishi lakini hukua polepole sana, faida ni ya mboga ya nyumbani kuliko ya biashara.
- Karibu na msitu: maji ni baridi mno kwa perege na kambale. Mara nyingi uamuzi bora ni kutochimba bwawa.

Kufuga pamoja

Sato na kambale huweza kufugwa katika bwawa moja. Kambale hula vijisamaki vya sato na kuwaacha wakubwa wakue. Sharti ni mpangilio wa umri: sato hutangulia, kambale huingizwa baadaye wakiwa wadogo kuliko sato, tena wachache, kwa mfano mmoja kwa kila sato kumi au zaidi. Wakiingizwa pamoja wakiwa na ukubwa usiolingana, mfugaji huvuna kambale wanene na hakuna sato.

Idadi ya kawaida kwa bwawa linalolishwa kwa samadi na pumba ni samaki wawili hadi watatu kwa kila mita mraba. Bwawa la mita 10 kwa 10 linachukua samaki 200 hadi 300. Kuongeza idadi bila kuongeza chakula na oksijeni huzaa samaki wengi wadogo, na uzito wa mavuno hauongezeki.

Athari kwa samaki wa asili

Jina la jenasi Oreochromis, linalobebwa na sato na perege wengine wanaofugwa duniani kote, lilitoka Kilimanjaro. Mwaka 1889 mtaalamu Albert Günther alieleza kwa mara ya kwanza samaki kutoka ziwa Chala, ziwa la kasoko lililo upande wa mashariki wa mlima kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya. Alimpa jina Oreochromis hunteri, kwa heshima ya mwindaji H. C. V. Hunter aliyemkusanya. Sehemu ya kwanza ya jina la jenasi hutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mlima.

Samaki huyo anapatikana Chala tu. Alikuwa spishi pekee ya samaki wa asili katika ziwa hilo, hadi watu walipoingiza perege wengine, wakiwemo Coptodon rendalli na wengine wa ukoo wa O. korogwe. Leo O. hunteri yumo katika orodha ya IUCN ya walio hatarini mno kutoweka. Ziwa lina ukubwa wa takriban kilomita mraba 4 tu, na aliyeingizwa humo hawezi kuondolewa tena.

Madhara hutokea kwa njia tatu. Mgeni hunyang'anya chakula na mahali pa kutagia. Huleta vimelea na magonjwa. Tena perege wa spishi tofauti huzaana wao kwa wao, na watoto wao pia huzaa. Baada ya vizazi kadhaa spishi ya asili humezwa, ingawa ziwani bado wanaonekana samaki wengi. Sato ameshaenea katika mabeseni mengi ya Tanzania, pamoja na la Pangani, na machotara wake na perege wa asili wamepatikana.

Mfano mkubwa zaidi ni ziwa Viktoria. Sangara na sato waliingizwa humo katikati ya karne ya 20. Uvuvi ulipata faida, lakini spishi nyingi za furu zilitoweka, na ngege (Oreochromis esculentus), aliyekuwa perege mkuu wa ziwa hilo, karibu aishe. Ngege amebaki katika maziwa madogo na katika mabwawa alikopelekwa na watu, likiwemo Nyumba ya Mungu.

Kwa hiyo mfugaji wa Kilimanjaro anashauriwa:

- kuweka wavu wenye matundu madogo kwenye mlango wa kuingizia na wa kutolea maji;
- kuchimba bwawa mbali na kingo za mto na mahali pa mafuriko ya masika;
- kukausha bwawa wakati wa kuvuna bila kuachia maji yenye vifaranga yaingie mfongoni;
- kutopeleka samaki hai Chala, Jipe au kwenye chemchemi yoyote, hata kwa nia njema ya kuongeza samaki;
- kutoachilia mtoni samaki wa mapambo waliochosha wenyewe nyumbani. Samaki wa miamba ya bahari hufa katika maji yasiyo na chumvi, lakini wale wa maji baridi wanaweza kuzoea na kuzaana.

Vifaranga na taratibu

Vifaranga hununuliwa katika vituo vinavyojulikana, vya serikali au vya watu binafsi. Kituo cha serikali cha Kingolwira, mkoani Morogoro, ni kati ya vile vya zamani. Mnunuzi huuliza spishi, umri, na kama wametengwa jinsia. Vifaranga wenye ukubwa usiolingana, vidonda au mapezi yaliyochanika hukataliwa. Husafirishwa katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni. Wakifika, mfuko ukiwa umefungwa huelea bwawani kwa dakika 15 hadi 30 ili joto lilingane, kisha maji ya bwawa huingizwa kidogo kidogo. Vifaranga waliotoka nyanda za joto wakimwagwa ghafla katika maji baridi ya mlimani hufa wengi siku hiyo hiyo au siku chache baadaye.

Ufugaji wa samaki unasimamiwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Matumizi ya maji yanahusu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kwa Kilimanjaro msimamizi ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Afisa uvuvi wa halmashauri huulizwa kabla ya kuingiza spishi yoyote ambayo haijazoeleka mahali hapo. Kwa maji ya mfongo, makubaliano na kamati ya mfongo hutangulia, kwa kuwa bwawa moja la juu linaweza kuwapunguzia maji watumiaji wa chini wakati wa kiangazi.

Tazama pia

- Perege
- Kambale
- Ziwa Chala
- Ziwa Jipe
- Nyumba ya Mungu
- Mto Pangani
- Ufugaji wa samaki